Pua ya Bibi Wodi

Jina la Bibi Wodi alipewa na majirani, naye hakulikataa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mfagizi wa wodi ya wazazi katika hospitali kubwa, na siku aliyostaafu alitoka na vitu viwili: cheti chenye muhuri, na imani kwamba sakafu isiyonukia klorini haijaoshwa, imeloweshwa tu. Cheti alikitundika ukutani sebuleni. Imani aliihamishia kwenye nyumba ya mwanawe, na humo ndani hakuna aliyethubutu kumbishia.

Na ukweli usemwe, kazi alikuwa anaijua. Kuna watu wanadeki kwa kusukuma maji kutoka pembe hii kwenda ile na kuyarudisha, kana kwamba uchafu utachoka wenyewe uondoke. Bibi Wodi alikuwa na ndoo tatu, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, moja ya klorini, na alianzia pembe ya ndani akirudi kinyumenyume hadi mlangoni bila kukanyaga alipokwisha kupita. Klorini hakuipima kwa kikombe wala kwa kifuniko. Alimimina, akainama juu ya ndoo, akavuta hewa kidogo tu, akasema "bado" au akasema "inatosha". Wodini walikuwa wakimwita aje kukagua ndoo za wafagizi wapya, na aliyezidisha au aliyepunja alijulikana papo hapo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake duniani. Wengine wana mashamba, wengine wana watoto walioko ng'ambo, yeye alikuwa na pua.

Mkwewe alikuwa mshonaji, mwanamke mpole mwenye futi ya kupimia shingoni tangu asubuhi mpaka jioni, cherehani yake ikiwa kibarazani mbele ya nyumba. Alimpenda mama mkwe wake. Tuliseme hilo mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu afikiri vingine.

Shida ilikuwa kifua cha Chiriku. Chiriku ni mtoto wa mshonaji, msichana wa miaka sita, aliyeitwa hivyo kwa sababu akianza kuongea hana nukta. Lakini kila Bibi alipodeki, yule chiriku alinyamaza. Kwanza kikohozi kikavu, kisha mluzi kifuani, kisha mabega yanapanda na kushuka, na macho yanamtoka akimtafuta mama yake. Muuguzi wa kliniki alimsikiliza kifua, akaandika dawa ya kuvuta, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza.

"Nyumbani mnasafishia nini?"

Mshonaji alimweleza. Muuguzi akatikisa kichwa.

"Hiyo iondoeni, pamoja na vitu vyote vya manukato makali. Tumieni siki, magadi, na sabuni ya kipande ya kawaida. Ni nafuu, na hata maji yake mkiyamwaga nje hayaunguzi mimea. Ila siki usiichanganye na klorini hata siku moja, umenisikia? Inatoa hewa mbaya."

"Nimesikia, dada."

Alisikia kweli. Hilo ndilo lililokuja kumla moyo baadaye.

Njiani alipitia dukani. Muuza duka, kijana mwenye maneno mengi kuliko bidhaa, alimshushia chupa ya kijani iliyochorwa jani.

"Hii sasa ndiyo ya kisasa, mama. Rafiki wa mazingira."

Mshonaji akatazama bei, akaona ni ujira wa kushona gauni zima na mikono yake. "Rafiki wa mazingira labda," akasema, "lakini mimi hanijui. Jani peke yake unaliuzaje?"

Kijana akacheka mpaka akashika kaunta. Mshonaji akaondoka na dumu la siki, mfuko wa magadi na vipande viwili vya sabuni, na bado akabakiwa na chenji. Alitembea kwa furaha. Alikuwa amepata kitu cha bei yake, kisichomdhuru mwanawe wala vitunguu alivyopanda nyuma ya nyumba, vilivyokuwa vikikauka upande wa mfereji wa maji ya kudekia. Alichosahau kukipigia hesabu ni cheti kilichoko ukutani.

Siku ile alijitahidi. Alikaa chini kabisa, akaanza kwa heshima, akazunguka mbali kabla ya kufika.

"Mama, muuguzi amesema tubadilishe dawa ya kudekia. Kwa ajili ya kifua cha mtoto."

"Muuguzi gani?"

"Yule wa kliniki."

"Ana miaka mingapi?"

"Mama, sikumuuliza."

"Mimi nimedeki chini ya miguu ya watoto waliozaliwa dakika hiyo hiyo. Wamelia, wamenyonya, wamekwenda kwao wazima. Miaka thelathini na mmoja." Sauti ikaanza kumtetemeka. "Kwa hiyo leo ndiyo naambiwa mimi ndiye ninayemnyonga mjukuu wangu?"

"Sikusema hivyo, Mama."

"Sasa umesemaje?"

Bibi Wodi akaingia chumbani kwake, akakaa huko siku mbili. Chakula alipelekewa, kikarudi nusu. Mwanawe, fundi umeme mwenye ulimi mwepesi kwa wateja na mzito nyumbani, alisimama nje ya mlango akibembeleza mpaka akachoka. Usiku wa pili akamwambia mkewe, "Muache Mama. Tafuta njia, lakini usimguse." Akageukia ukutani, akalala. Wanaume wengine wakisema tafuta njia, maana yao ni kwamba hawataki kuulizwa ilipita wapi.

Basi mshonaji akatafuta njia. Asubuhi, Bibi akiwa bado kajifungia, alichukua ile chupa nyeupe ya klorini yenye kifuniko cha bluu, akaimwaga yote kwenye shimo la choo cha nje, akaisuuza mara tatu, akaijaza siki iliyotiwa maji, na akatumbukiza maganda ya ndimu kupunguza ukali wa harufu. Akairudisha mahali pake chini ya sinki. Kisha akagonga mlango wa mama mkwe.

"Mama, nisamehe. Hakuna kitakachobadilika. Endelea na dawa yako."

Bibi Wodi akatoka. Wakala pamoja. Kesho yake akadeki nyumba nzima akiimba, na Chiriku akamfuata nyuma akiongea bila kupumzika, bila kikohozi, bila mluzi. Mshonaji alisimamisha cherehani yake kusikiliza tu. Alijiambia kwamba hajamdhulumu mtu. Mkubwa ana chupa yake, mdogo ana pumzi yake, nyumba imetulia.

Wiki ya kwanza ikapita vizuri. Wiki ya pili Bibi akainama juu ya ndoo, akavuta hewa, akabaki ameinama.

"Mwanangu, hebu njoo."

Mshonaji akaja, roho juu.

"Unasikia harufu gani hapa?"

"Klorini, Mama."

"Mimi nasikia uchachu. Kama kitu kilicholala." Akavuta tena. "Uchachu mtupu."

"Labda ni mafua, Mama. Yako mengi siku hizi."

Bibi akaafiki kuwa labda ni mafua. Mafua hayakuisha. Akawa anamimina zaidi, na zaidi, na chupa ikawa inakwisha upesi, na mshonaji akawa anaijaza upesi vilevile asubuhi kabla mwenyewe hajaamka. Halafu mambo mengine yakaanza, na hayo mshonaji hakuyategemea hata kidogo. Siku moja Bibi alimletea kikombe cha maziwa kibarazani. "Nionjee. Naona yako sawa, lakini sijiamini." Siku nyingine akamletea nguo za Chiriku, amwambie kama ni safi au chafu. Akaacha kukaanga chochote peke yake kwa kuogopa kuunguza bila kujua. Alikuwa na rafiki yake, mfagizi mstaafu mwenzake, ambaye Bibi alimtembelea kila Ijumaa. Akaacha kwenda.

"Nitaenda kusema nini?" alimwambia mkwewe. "Nitamwambia pua imekufa? Inaanza pua, mwanangu, halafu macho, halafu akili. Niliwaona wodini wazee walioletwa na watoto wao. Walianza hivi hivi."

"Wewe huna uzee wowote, Mama."

"Ndivyo mnavyotuambia."

Mara tatu mshonaji alifungua kinywa aseme. Mara ya kwanza mteja aliingia. Mara ya pili alimtazama Chiriku akikimbia uani, mtoto ambaye miezi miwili nyuma hakuweza kukimbia hatua ishirini, akajikaza kisabuni akanyamaza. Mara ya tatu hakuna aliyeingia na hakuna aliyekimbia. Aliogopa tu. Kila siku aliyochelewa iliongeza urefu wa maelezo, mpaka ikawa hajui hata aanzie wapi.

Jumamosi moja, saa nane mchana, alikuwa akishona zipu ya sketi ya mwanafunzi. Ndani alisikia ndoo ikiburutwa kuelekea bafuni, na sauti ya Chiriku ikimsimulia Bibi habari za mwalimu na chaki. Bafu lile lilikuwa dogo, ukinyoosha mikono umegusa kuta zote mbili, na kidirisha chake kilikuwa kimepigiliwa tangu mvua za mwaka uliopita.

Halafu akasikia Bibi akicheka. Kicheko cha kweli, ambacho hakikusikika nyumbani humo kwa wiki kadhaa.

"Naisikia! Chiriku, mjukuu wangu, naisikia! Njoo hapa karibu, nawe unuse uniambie. Vuta. Vuta vizuri. Unasikia?"

"Nasi..." Chiriku akaanza, na hakumaliza.

Mshonaji aliangusha sketi. Alipofika mlangoni harufu ilimpiga usoni, machozi yakamtoka hapo hapo, koo likambana. Juu ya kifuniko cha choo kulikuwa na chupa mpya, kubwa, ya klorini. Pembeni yake ile nyeupe yenye kifuniko cha bluu, tupu. Bibi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakohoa, mikono yote miwili imemzunguka mtoto, anajaribu kusimama na hawezi. Mshonaji akamnyakua Chiriku, akamshika Bibi kwapani, akawaburuta wote mpaka uani. Mtoto alikuwa amefungua mdomo na hewa haingii. Pampu yake ya dawa ilikuwa kwenye mkoba wa shule. Mshonaji aliukung'uta mkoba wote chini, madaftari, kalamu, ndala moja, akaipata, akampulizia, akampulizia tena. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Jirani mwenye gari aliwapeleka zahanati. Mshonaji hakukumbuka baadaye njia waliyopita. Alikumbuka mbavu za mwanawe chini ya kiganja chake, na Bibi kiti cha nyuma akikohoa na kurudia, "Niliongeza kidogo tu. Niliongeza kidogo tu."

Chiriku akavalishwa kifuniko cha mashine puani na mdomoni, mvuke wa dawa ukaanza kuingia. Bibi naye akapewa hewa, lakini alikataa kulala, akakaa kwenye benchi la korido akiwa ameshika bomba lake. Fundi umeme akafika na mkanda wa vifaa bado kiunoni, jasho linamtiririka. Muuguzi wa zamu, mwanaume wa makamo, akaja na karatasi yake.

"Alivuta nini?"

"Klorini," Bibi akasema. "Chupa ya nyumbani ilikuwa imekufa nguvu. Nilitoa kwenye pensheni yangu nikanunua nyingine, nikaongezea juu yake."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine. Klorini juu ya klorini. Hiyo haina neno, baba, nimefanya kazi hii tangu wewe ungali shuleni."

"Mama, klorini peke yake haitoi hewa kali hivyo. Hii imekutana na kitu. Tindikali, siki, dawa ya choo, kitu cha namna hiyo. Tafadhali fikiri vizuri."

Bibi Wodi akafikiri. Mshonaji alimwona akifikiri, alimwona akipita chumba kwa chumba kichwani mwake, ndoo kwa ndoo, akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Uso wake ukashuka.

"Basi huenda nilichanganya," akasema taratibu. "Huenda nilishika chupa nyingine. Siku hizi sinusi. Nanusa vitu visivyokuwepo. Uandike hivyo, mwanangu. Mzee alichanganya."

Fundi umeme akafunika macho kwa kiganja. Alipokitoa, akazungumza na mama yake kama mtu anavyozungumza na mtoto aliyeshika kisu. "Mama, kuanzia leo usishike ndoo tena. Wala jiko. Nakuomba. Utakaa tu, sisi tutafanya."

"Sawa, mwanangu."

Hakubishana. Bibi Wodi, aliyekuwa akibishana hata na redio, alisema sawa, akainamisha kichwa. Na hapo mshonaji akaona jinsi mambo yangekwenda endapo angenyamaza dakika moja zaidi. Karatasi ingeandikwa. Nyumba ingekuwa bila klorini, mtoto angepona, mumewe asingejua, na huyu mama angekaa kwenye kiti mpaka afe akiamini kwamba aliwahi kumpa mjukuu wake sumu kwa sababu kichwa chake kimeharibika. Na kwa mshonaji mwenyewe kila kitu kingekuwa nafuu. Kishawishi hicho alikisikia, sitamsingizia umalaika. Alikisikia vizuri kabisa.

"Ilikuwa siki," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Ndani ya ile chupa nyeupe. Hakukuwa na klorini humo, Mama. Niliimwaga, nikatia siki. Wewe hukuchanganya kitu. Pua yako ni nzima."

Bibi aliondoa bomba puani mwake.

"Tangu lini?"

"Wiki sita, Mama."

"Siku ile nilipokuletea maziwa?"

"Ndiyo."

"Nilikwambia nasikia uchachu. Ulinijibu nini?"

"Nilikwambia labda ni mafua."

"Mafua," Bibi akasema.

"Mimi ndiye niliyemwambia atafute njia," fundi umeme akasema kwa sauti ndogo.

"Ungeniambia," Bibi akamwambia mkwewe, naye hakupaza sauti, na heri angepaza. "Ungekuja hata siku ya tatu, mlango ule ule. Ningelia, ningenuna, halafu ningeacha. Kwa huyu mtoto ningedeki kwa maji matupu. Mimi ni mkali, najua, lakini si mjinga. Wiki sita nakaa kitandani kila asubuhi najitajia majina ya watu wote wa hii nyumba nione kama bado nayakumbuka. Wiki sita. Na wewe unanitazama."

"Nilikuwa nataka apumue, Mama."

"Hata mimi nilitaka apumue. Leo amekosa pumzi mikononi mwangu, mimi ndiye niliyemwambia vuta."

Mshonaji alilia. Alimpigia magoti pale kwenye korido, mbele ya wagonjwa wote, akamshika miguu. Bibi hakumsukuma. Alimgusa bega, mara moja, kisha akasimama, akajishika ukutani, akamwendea muuguzi. Sauti iliyotoka sasa ilikuwa ile ya wodini.

"Andika, baba. Siki na klorini. Chumba kidogo, dirisha limefungwa. Mtoto alikaa humo kama dakika mbili, ana pumu. Ile ya kwanza ifute."

Chiriku akaruhusiwa siku ya pili. Kwa muda alikuwa na sauti ya kukwaruza, akajigamba kwa wenzake kwamba anaongea kama mtu mzima. Fundi umeme aling'oa misumari kwenye kidirisha cha bafu. Ile klorini mpya Bibi aliirudisha dukani mwenyewe, akabishana na yule kijana mpaka akabadilishiwa kwa dumu la siki. Akamwomba mkwewe amwonyeshe vipimo, kiasi gani cha siki kwa ndoo, kiasi gani cha magadi kwenye sinki, akasikiliza, akauliza maswali ya mtu anayejua kazi. Ijumaa akaenda kwa rafiki yake. Hakumsema mkwewe kwa mtu, na kama alimsema, majirani hawakupata cha kuosha vinywa. Alimwita mwanangu kama zamani.

Jumapili jioni mshonaji alitoa chai uani. Bibi alikuwa kwenye mkeka, Chiriku kamlalia pajani. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema ahsante, mwanangu. Halafu, kabla hakijagusa midomo, akakiinamia, akafumba macho, akavuta hewa kidogo tu.

"Bibi, ni chai," Chiriku akacheka. "Chai tu!"

"Najua, mjukuu wangu," Bibi akasema, akainusa tena.

Mshonaji akabaki amesimama na trei mkononi, akasubiri mpaka amalize.